Gari Naendesha Mimi, Sifa Anapokea Mume Wangu

Mpendwa Mama Advera, naomba unisaidie, na kama utacheka basi cheka kwanza umalize ndipo usome tena, kwa sababu mwanzo wa habari hii unachekesha lakini mwisho wake unaninyima raha.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja anayeanza kusimama dede, nakaa Chemchem hapa Tabora mjini, elimu yangu ni kidato cha nne, na majina yote humu nimeyabadilisha isipokuwa la mtani wetu, maana amesema nikimficha gazetini atanidai mbuzi. Mume wangu nimwite Octavian. Ana duka la mchele sokoni, ni mtu mpole, hanywi, hajawahi kuninyanyulia mkono, na akirudi jioni mtoto anambeba yeye mpaka ugali unaiva. Sina ugomvi naye. Tatizo letu ni gari.

Octavian amenunua gari la mbio. Simaanishi gari la kawaida lililopakwa rangi nyekundu, ni la mbio kweli, limelala chini kama mjusi anayeota jua, milango ya nyuma imewekwa kwa heshima tu, na ukiliwasha kuku wanaacha kula. Alilinunua kwa picha za simu kutoka kwa mtu wa Mwanza, na picha zilionyesha rangi, magurudumu na taa, hazikuonyesha miguuni pa dereva. Aliyelileta aliliingiza uani, akanywa chai, akapanda basi akarudi kwao. Majirani wamejaa, Octavian akafungua mlango kwa madaha, akaketi, akatazama chini, na mimi niliyesimama karibu na mtoto mgongoni nikamwona anahesabu pedali. Zilikuwa tatu. Akatazama gia, ni ya kuingiza kwa mkono, namba zimechorwa juu ya kirungu mpaka sita. Akashuka pole pole, akafunga mlango, akawaambia watu kwamba injini ya namna hii haiwashwi ovyo, lazima ipumzike baada ya safari.

Basi ikapumzika. Ukweli ni kwamba mume wangu alijifunzia gari la otomatiki la rafiki yake, klachi hajawahi kuikanyaga, na mbele ya watu wale wote hakuweza kusema. Kila Jumamosi akawa analiosha, analipangusa kwa kitambaa laini, watu wakimwuliza mbona hatulioni barabarani, anasema barabara za mitaa hii zitaliua.

Mimi klachi naijua, Mama Advera. Kabla sijaolewa nilikuwa naendesha pikapu ya baba kuleta mapipa ya asali kutoka Sikonge, leseni ninayo, na Octavian mwenyewe wakati ananichumbia alishapanda ile pikapu akakaa katikati ya mapipa akafika mjini nyuki wamemfuata. Nilimwambia kwa upole, baba Limbu, nikufundishe siku mbili tatu tu. Akacheka, akasema pikapu ya nyuki na gari hili ni kama punda na swala. Nikarudi kwenye vyombo.

Sasa huyu mtoto wetu, Limbu, ni mtoto ambaye mchana halali. Ukimweka anaamka, ukimbeba analia, ukikaa anataka usimame, ukisimama anataka utembee, na mimi nilifika mahali nikawa naweka chumvi kwenye chai. Octavian alikuwa amenipa kazi ya kuliwasha gari kila asubuhi betri isife, kwa hiyo siku moja nikaingia humo na mtoto, nikawasha, na kabla sijamaliza kuvuta pumzi Limbu akalala. Nikazima, akaamka. Nikawasha, akalala. Jirani akaja kulalamika moshi unaingia kwenye dagaa wake, nikaona hapa nina njia mbili, nizime mtoto aamke au nitoke nje ya geti. Nikatoka.

Tangu siku hiyo natoka karibu kila siku. Nimegundua kwamba gia ya kwanza inamkera, ya pili inamfanya atazame huku na huku, lakini ya tatu kwa mwendo mdogo kwenye lami ya kwenda Nzega anakuwa kama mtu aliyeimbiwa. Nimejifunza na tabia za gari lenyewe, maana si gari la mama wa nyumbani. Klachi yake ni nzito mpaka mguu wangu wa kushoto umekomaa kuliko wa kulia. Kwenye matuta usilipeleke moja kwa moja, unalipindisha, gurudumu moja moja, la sivyo tumbo linakwaruza mpaka meno yanakuuma wewe. Buti linameza nusu gunia la mkaa tu, unga wa kusaga nauweka kiti cha mbele na kuufunga mkanda. Kiti cha mtoto nimekikaza kwa khanga mbili. Lakini nilivyolizoea nalipenda, Mungu anisamehe, ukilikanyaga kidogo pale baada ya vibao vya mwisho wa mji linanguruma kama limekusikia.

Vioo vyake ni vyeusi na mimi ni mfupi, kwa hiyo mtaani wanaona gari, hawamwoni dereva. Wakaanza kumsifia Octavian. Siku moja tumekaa barazani, jirani yetu Fikiri akapita, akasema, “Shemeji, mumeo huyu ni hatari. Jana kaingia kona ya sokoni anabadilisha gia hata huisikii.” Nikamtazama mume wangu. Jana yake alikuwa dukani mchana kutwa anapima mchele. Akajikohoza, akasema, “Siri ni mguu wa kushoto, kaka.”

Mama Advera, nilikwenda jikoni nikacheka nikiwa nimeziba mdomo kwa khanga.

Kwa hiyo anajua. Hajaniuliza, sijamwambia. Kiti cha dereva mimi nakisogeza mbele kabisa nifikie pedali, na mwanzoni nilikuwa nakirudisha nyuma ili asijue, siku moja nikasahau, na yeye baada ya kuosha gari akakiacha pale pale mbele. Mafuta yakipungua, Jumamosi naona amekuja na dumu kwa bodaboda, anamimina huku anapiga mluzi, gari ambalo yeye mwenyewe hajalitoa uani hata siku moja. Ningeweza kuishi hivi mpaka Limbu aanze shule. Mimi mtoto analala, yeye anaheshimika sokoni, nani kaumia?

Ila sasa mdogo wake Octavian, nimwite Julieth, anaolewa na kijana wa Igunga anayeitwa Masolwa, ndoa itafungwa huko huko Igunga kanisani. Baba yao alishafariki, Octavian ndiye mkubwa. Kwenye kikao cha familia baba mdogo Tobias akasimama akasema bibi harusi atatoka Tabora na gari la kaka yake, na kaka yake huyo huyo ndiye ataendesha, maana mji mzima unajua anavyoendesha, watu wa Igunga watoke madukani waone. Wanawake wakapiga vigelegele. Nikamsubiri mume wangu aseme neno. Akasema, “Hilo mniachie mimi.”

Nikajua anafikiria atajifunza kimya kimya. Na kweli Jumapili iliyofuata tumetoka misa, mimi napika, nimemkalisha Limbu kwenye mkeka pembeni ya jiko la nje, Octavian akasema anakwenda kulipasha injini joto. Gari lile gia ya kurudi nyuma imekaa jirani sana na ya kwanza, usipokishika kirungu vizuri unaweza kuchanganya. Yeye alikuwa anataka kwenda mbele kwenye geti. Gari likaruka kuja nyuma, likaja kwetu, nikaona zile taa nyeupe zinanijia, nikamnyakua mtoto kwa mkono mmoja kama mtu anavyonyakua nguo mvua ikinyesha, na gari likazimika lenyewe likiwa juu ya mkeka. Lilizimika kwa sababu aliachia klachi vibaya. Kutojua kwake ndiko kulikotuponza na ndiko kulikotuokoa.

Akashuka anatetemeka. Akaniambia paka alipita. Uani kwetu hakuna paka. Nilitaka kumwambia yote siku ile lakini nilimwona uso wake, nikamwambia nenda kanywe maji.

Harusi imebaki wiki tatu. Kutoka Tabora mpaka Nzega, halafu unaingia barabara kuu ya malori na mabasi ya Mwanza mpaka Igunga, na ndani atakuwepo Julieth ambaye mimi nilimsuka nywele siku anakwenda kidato cha kwanza. Siwezi kumwacha apande.

Ndipo nikamwendea Twalibu, mtani wetu. Ni Mzaramo, fundi cherehani, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, na unajua sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wanabeba mizigo kwenda pwani, akikuchukulia kitu chako harusini hununi, unakomboa au unasamehe. Nikamweleza. Akacheka mpaka sindano ikamdondoka mdomoni. Mpango wake ni huu, asubuhi ya safari watu wote wakiwa wamekusanyika, yeye atampokonya Octavian ufunguo, atangaze kwamba gari limekamatwa na Wazaramo kwa sababu Mnyamwezi anamwoza dada yake bila kuwapikia watani, na faini ni kwamba leo mke wake ndiye aendeshe na yeye akae pembeni kama mzigo. Watu watacheka, mume wangu hataweza kukasirika, mimi nitashika usukani, tutafika salama.

Naona ni mpango mzuri lakini moyo unakataa, na sijui kwa nini unakataa. Nampenda mume wangu, sitaki aaibike, wala sitaki kuzika wifi. Nifanyeje? Nimwache Twalibu afanye kazi yake, au nimwambie mume wangu usoni, na nikimwambia nianzie wapi baada ya kunyamaza wote wawili muda wote huu?

Ni mimi, Mama Limbu, Chemchem, Tabora

MAMA ADVERA ANAJIBU

Mama Limbu, pole na hongera. Pole kwa usingizi, maana mtoto wa namna hiyo namfahamu, mimi wa kwangu alikuwa halali mpaka nisage mahindi. Hongera kwa kupitisha gari la mbio kwenye matuta ya mtaa bila kuling'oa tumbo, wako waume wengi wamelia pale.

Nimecheka kama ulivyoniruhusu. Nimemaliza. Sasa nakugombeza.

Wewe na mumeo mmekuwa wacheza sinema ndani ya nyumba yenu, yeye anamimina mafuta anapiga mluzi, wewe unasogeza kiti, kila mmoja anajua na kila mmoja anatazama pembeni, na mkaiona ni mapenzi. Kwa sehemu ni mapenzi, sikatai. Mwanamume anayeacha kiti mbele ili mguu wa mke wake ufike ana moyo. Lakini unaniuliza nani kaumia? Mwanangu, siku gari lilipopanda mkeka ulishajibiwa. Siku ile ulipaswa kuchukua ufunguo, uufunge kwenye ncha ya khanga yako, na kusema. Wewe ukampeleka kunywa maji. Ulimwonea huruma aliyetetemeka ukamsahau uliyemnyakua.

Wazee walisema mficha uchi hazai. Octavian anaficha pedali moja, na kwa pedali hiyo moja yuko tayari kumpakia dada yake mbele ya malori. Si mtu mbaya. Ameingia kwenye sifa kama mtu aliyeingia kwenye maji ya magoti, akasogea kidogo, akasogea kidogo, sasa yamemfika kidevuni na anaona aibu kuita. Na sifa zenyewe, mama, nani alimpikia? Ni wewe uliyekuwa unaingia kona ya sokoni bila gia kusikika. Kwa hiyo usije kwake kama hakimu. Njoo kama mshirika.

Kuhusu mtani. Moyo wako umekataa na uko sawa, nitakueleza kwa nini. Utani ni wa kuchukua kuku, kofia, hata jeneza watalikalia wakitaka, na mwenye kuchukuliwa anacheka kwa sababu anajua ni mchezo. Huyu wako hatajua ni mchezo. Atajua kwamba mke wake alikwenda kwa jirani akafungua siri ya nyumba, kisha akamsubiri mbele ya ndugu zake. Atacheka, ndiyo, kwa sababu hana njia. Mtafika Igunga salama, mtarudi Chemchem, na hapo ndipo utakapoona mtu mpole akinuna. Tena fikiria, asipokubali kuachia ufunguo je? Twalibu ni fundi cherehani, si mpiga mieleka. Mwambie ashikilie sindano yake. Kama Octavian mwenyewe, baada ya kuzungumza na wewe, ataupenda mchezo huo na kusema mtani na aje anikamate, hapo sawa, utakuwa utani wa kweli na mimi nitakuja kula.

Sasa sikiliza la kufanya, na ufanye wiki hii, usisubiri roho itulie, haitatulia.

Ufunguo uushike wewe kuanzia leo. Akiuliza, sema utampa mkishazungumza.

Mwambie akishakula, mtoto akiwa kwa jirani, mko wawili, wala wifi wala mama mkwe asiwe karibu. Usianze na yeye. Anza na wewe: “Baba Limbu, gari nimekuwa naliendesha mimi, mtoto analala humo, na mafuta unayotia nayaona, asante.” Kisha nyamaza. Usimlazimishe aseme hajui. Mwanamume akishukuriwa kwa kitu alichokuwa anakificha, mara nyingi anamalizia mwenyewe. Asipomalizia, mwambie habari ya mkeka, kwa sauti ya chini, na umtaje mtoto kwa jina. Usimcheke. Neno paka lisitoke mdomoni mwako siku hiyo.

Kumfundisha utamfundisha, lakini si kwa ajili ya harusi hii. Wiki tatu zinatosha mtu kuzungusha gari uwanjani, hazitoshi kubeba bibi harusi. Na kuna jambo wengi hawalijui, wewe dereva unalijua: msafara wa harusi unakwenda polepole, unasimama, unaondoka, honi huku, wapiga picha kule, na kwenda polepole ndiko kunakomwumbua asiyejua klachi kuliko mbio. Kwa klachi nzito namna hiyo atazimikiwa mbele ya kanisa mara nne, na ya tano ataingiza gia ya kurudi nyuma kwenye matarumbeta. Muwe mnakwenda asubuhi mahali pa wazi, pasipo na mtu wala mkeka, umkalishe ajifunze kuachia mguu kabla ya kugusa mafuta. Ukimfundisha usiseme “baba alikuwa anafanya hivi.” Hakuoa pikapu.

Sasa la harusi, na hapa ndipo unapompa mlango wa kutokea. Baba yao hayupo. Nani atamkabidhi Julieth kwa watu wa Igunga? Ni Octavian. Tangu lini anayemkabidhi bibi harusi akawa dereva? Kaka mkubwa anakaa nyuma na dada yake, amevaa suti, amemshika mkono, anamwambia yale ambayo baba yao angemwambia. Dereva ni mtu wa kufungua milango. Hayo ayaseme yeye mwenyewe kwa baba mdogo Tobias, kwamba amefikiria, na kwamba nafasi yake ni nyuma, usukani amempa mke wake kwa sababu ndiye anayemwamini. Hakuna hata neno moja la uongo humo, angalia vizuri. Na baba mdogo akinung'unika kwamba mwanamke ataendeshaje gari lile, umwalike apande, mwende naye mpaka Isikizya na kurudi. Atashuka akikuita dereva.

Julieth avae gauni Igunga, asilivae njiani, milango yako ya nyuma ya heshima haiwezi kupokea gauni la harusi. Limbu asafiri kwenye basi na bibi yake, hata akilia mpaka Nzega, hakufa mtu kwa kulia.

Umeniuliza kama mke lakini nakujibu kama mama mwenzio: mambo yakienda vibaya, usibembeleze. Akikataa kuzungumza, akisema yeye ndiye mwenye gari, akakupokonya ufunguo asubuhi ya harusi, usipige kelele wala usilie mbele ya watu. Mfuate Julieth chumbani, mwambie ukweli kwa maneno matano, mtoe kwa mlango mwingine, mpandishe basi pamoja nawe na mtoto. Mwache Octavian akae usukanini na maua juu ya boneti na viti vyote vitupu. Atageuka nyuma kumtafuta bibi harusi wa kumpeleka, na atashuka mwenyewe.